Sarafu ya Kinshasa, Kofia ya Kumasi

Dakika 120 zilipokwisha, mwamuzi aliwaita manahodha wawili ili sarafu iamue.

Ilikuwa Novemba 1967, jijini Kinshasa, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Upande mmoja walisimama Asante Kotoko wa Kumasi, Ghana. Upande wa pili Tout Puissant Englebert wa Lubumbashi, timu ambayo leo dunia inaijua kama TP Mazembe. Kumasi walikuwa wametoka sare 1-1. Kinshasa wakatoka 2-2, wakaongezewa nusu saa, nayo ikapita bila bao. Penalti za kumpata mshindi hazikuwapo bado. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1970. Bao la ugenini nalo halikuhesabiwa mara mbili. Kilichobaki ni kipande cha chuma kurushwa hewani na watu 22 waliochoka kusubiri kianguke upande gani.

Kotoko walikataa. Wakaondoka uwanjani.

Miaka zaidi ya 50 imepita na mabishano ya jioni ile hayajazimika, wala sidhani yanastahili kuzimika. Mtu wa Lupopo, timu nyingine ya Lubumbashi, akitaka kumchokoza wa Mazembe, hana haja ya kutafuta mbali: lile kombe lenu la kwanza mlipewa mezani. Wa Mazembe naye ana jibu lake tayari: sisi tulibaki uwanjani, waliokimbia ni wao. Wote wawili wanasema kweli.

Ili kuelewa uzito wa kombe lile, sharti mtu aukumbuke mwaka wenyewe. Mji wetu wa Lubumbashi ulikuwa umevuliwa jina la Élisabethville mwaka mmoja tu uliotangulia. Januari 1967 serikali ya Mobutu iliitwaa Union Minière, kampuni ya shaba iliyoujenga mji huu na kuwaajiri baba na babu za watu. Juni franka ikaondolewa, ikaja zaire. Tarehe 1 Novemba, wiki chache kabla ya fainali, mamluki wa Bob Denard walivuka mpaka kutoka Angola na kuingia Katanga, baadhi yao wakiwa juu ya baiskeli. Walirudishwa upesi, lakini hofu haiondoki upesi kama baiskeli. Ni miaka minne tu na ushei ilikuwa imepita tangu vita vya kujitenga kwa Katanga viishe, na mtu wa Lubumbashi aliyefika Kinshasa bado alitazamwa kwa jicho la kuuliza: wewe ni wetu au si wetu?

Katika hali hiyo timu ya Lubumbashi ikaenda kucheza fainali ya Afrika katika mji mkuu, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka nyumbani, mbele ya watu wanaoshangilia kwa Kilingala. Jina la nchi nzima lilikuwa mgongoni mwao. Nyumbani watu walibaki na redio. Hili nalisisitiza kwa sababu limeupa ubishi wetu umbo lake: wengi wa wanaobishana kuhusu sarafu ile, hata wazee, ni watu au wana wa watu walioisikia, si walioiona.

Timu yenyewe ilikuwa na asili ya unyenyekevu. Wamisionari Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana, wakaiita Saint-Georges. Ikaja kuwa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya Ubelgiji ya kutengeneza matairi. Mwaka ule ule wa 1939 ndipo ilipozaliwa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, na tangu hapo mji umekuwa nyumba yenye vyumba viwili. Mwaka 1966 Englebert walibeba ubingwa wa nchi, kombe la Katanga na kombe la Kongo, nao walibeba pia lile jina la kujigamba la Tout Puissant, wenye nguvu zote. Golini walikuwa na Robert Kazadi. Mbele alikuwapo Pierre Kalala, ambaye shuti lake lilimpatia jina la Bombardier.

Turudi kwenye sarafu. Kijana wa leo anaweza kuona ni jambo la kishamba, la Afrika ya zamani. Si kweli. Machi 1965, Liverpool na Köln walicheza mara tatu katika kombe la Ulaya bila mshindi, na ya tatu, huko Rotterdam, iliamuliwa kwa kurusha kitu kama hicho. Mara ya kwanza kikanasa kimesimama kwenye matope, ikabidi kirushwe tena. Juni 1968 Italia waliingia fainali ya mataifa ya Ulaya kwa sarafu baada ya kutoka sare na Wasovieti mjini Naples. Ndivyo mpira wa wakati ule ulivyokuwa: ukishindwa kuamua wenyewe, bahati inaitwa.

Hata hivyo nawaelewa Kotoko. Walikuwa ugenini, mbali, mbele ya umati usio wao, na walikuwa wamepata mabao mawili katika uwanja wa wenyeji wakati Englebert walipata moja kwao. Kwa kanuni ya bao la ugenini, ambayo Ulaya ilikwisha kuanza kuijaribu na ambayo Afrika iliipokea baadaye, Kotoko walikuwa mabingwa pale pale, bila sarafu wala nyongeza. Nimelifikiria hili mara nyingi. Na sharti mtu wa Lubumbashi alikumbuke pamoja na jingine: mwaka 2009, Mazembe waliporudi kuwa mabingwa wa Afrika baada ya miaka 41, waliwafunga Heartland ya Nigeria 1-0 hapa nyumbani baada ya kufungwa 2-1 kule Owerri. Kilichowapa kombe ni bao la ugenini. Kanuni ambayo kukosekana kwake kuliwaokoa babu, kuwepo kwake kuliwabariki wajukuu.

Shirikisho la Afrika halikumpa mtu kombe jioni ile. Liliamua, na naona liliamua vyema, kwamba mechi ya tatu ichezwe Yaoundé, Kameruni, mahali pasipo pa mmoja wala wa mwingine, tarehe 27 Desemba. Hapa ndipo hadithi inapouma. Taarifa ilifika Ghana kwenye chama cha mpira cha nchi, na chama hakikuifikisha kwa Kotoko. Siku ikafika, Kotoko hawakutokea. Englebert wakatangazwa mabingwa wa Afrika.

Barua moja iliyokaa mezani Accra ilifanya kazi ambayo Kalala na Kazadi walikuwa tayari kuifanya kwa miguu na mikono. Wachezaji wa Kumasi walinyimwa mechi yao na watu wao wenyewe. Wachezaji wa Lubumbashi nao walinyimwa, na hili husahaulika: walinyimwa nafasi ya kushinda. Ushindi wa mezani ni kama mahari iliyolipwa bila arusi. Karatasi zote zipo, ngoma haikupigwa.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Januari 1968, Kongo na Ghana walikutana Addis Ababa katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Ghana walikuwa mabingwa wa 1963 na 1965, timu iliyoogopwa kuliko zote barani. Kongo walishinda 1-0, na mfungaji alikuwa Pierre Kalala wa Englebert. Nimewasikia watu wakilileta bao hilo kama risiti ya deni la Yaoundé. Nalipenda bao lile kuliko mengi, lakini silikubali kama risiti. Nchi si klabu, na Kotoko hawakuwa Ghana nzima.

Nitoke nje ya mpira wa miguu kidogo, kwa sababu kuna mchezo mwingine ambao watu wake wamewahi kubishana hivi hivi hadi wakachoka, na Lubumbashi hatuuchezi: kriketi. Jirani zetu wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaujua, maana Waingereza waliuleta na Wahindi wa miji ile wakaushika. Mechi zake kubwa, ziitwazo Test, huchukua hadi siku 5. Mpira wake ni mgumu, wa ngozi. Upande mmoja ukisuguliwa ung'ae na wa pili ukachakaa, mpira hupinda hewani na mpigaji hupotea. Kuung'arisha kwa nguo ni ruhusa. Kuukwaruza kwa kucha, kizibo au msasa ni kosa, na katika mchezo ule kosa hilo hushikwa kama dhambi. Machi 2018, Cape Town, kamera zilimnasa Cameron Bancroft wa Australia akiwa na kipande cha msasa, akakificha ndani ya suruali. Nahodha wake Steve Smith na msaidizi David Warner walifungiwa miezi 12 kila mmoja. Pale hapakuwa na cha kubishania; kila mtu alikiona kile kipande.

Kesi iliyonishika mimi ni ile ya London, uwanja wa Oval, Agosti 2006. Pakistan walikuwa wameshika mechi: walipata 504, Uingereza 173. Siku ya nne, waamuzi Darrell Hair na Billy Doctrove wakaamua kwamba mpira umekwaruzwa makusudi. Wakaubadilisha na kuwapa Uingereza alama 5 za adhabu. Wapakistani waliendelea kucheza hadi mapumziko ya chai. Baada ya chai hawakutoka. Nahodha wao, Inzamam-ul-Haq, aliona wameitwa wezi mbele ya dunia bila ushahidi. Waamuzi wakatoka peke yao, wakasubiri, wakaviondoa vijiti vidogo vya juu ya wiketi: mechi imekwisha, Uingereza wameshinda. Pakistan walipotoka baadaye, waliambiwa hakuna tena mechi. Haijawahi kutokea kabla katika historia ya Test.

Yaliyofuata yanafanana na yetu kwa namna inayonishtua. Mwezi uliofuata uchunguzi ulimwondolea Inzamam shtaka la kukwaruza mpira, ila ukamfungia mechi 4 kwa kukataa kucheza. Mwaka 2008 baraza la kriketi la dunia liligeuza matokeo kuwa sare. Mwaka 2009 likayarudisha kuwa ushindi wa Uingereza. Matokeo mara tatu kwa mechi moja, na hakuna hata moja kati ya hayo lililopatikana uwanjani. Mashabiki wa Karachi na wa London bado wanaulizana: anayetuhumiwa bila ushahidi akiondoka, ameukataa mchezo au ameulinda?

Ndilo swali la Kinshasa. Kotoko hawakutuhumiwa kwa lolote, wao waliikataa tu sarafu, lakini jibu walilopewa na wakuu lilikuwa lile lile: asiyekuwepo hana haki.

Nasi tumewahi kuonja dawa hiyo. Mwaka 2011 Mazembe walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo na walikuwa wametoka Abu Dhabi, ambako Desemba 2010 walicheza fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter Milan, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Katika safari ya kulitetea kombe la Afrika walikutana na Simba ya Dar es Salaam. Lubumbashi Mazembe wakashinda 3-1, na huko Dar wakashinda tena 3-2. Hesabu ya uwanjani haikuwa na utata. Wakaenda wakaitoa na Wydad ya Casablanca. Ndipo malalamiko ya Simba yakafanya kazi: beki Janvier Besala Bokungu, aliyewahi kuwa Espérance ya Tunis, alidaiwa kuchezeshwa bila uhalali. Shirikisho la Afrika likawaondoa Mazembe mashindanoni. Mazembe wakapinga, kesi ikapelekwa kwenye mahakama ya michezo huko Lausanne, lakini mashindano hayakuwasubiri.

Hasira ya mji ilikuwa kubwa, na niliishiriki. Lakini ukisikiliza vizuri yale mabishano, ulisikia maneno ya Kumasi ya 1967 yakitoka vinywani mwa watu wa Kamalondo, mtaa wa Mazembe: tulishinda kwa miguu, tumenyang'anywa kwa karatasi. Dar nao walisema walichosema watu wetu wakati ule: kanuni ni kanuni. Mtu wa Simba aliyesema hivyo hakuwa mwizi. Alikuwa amesimama mahali tulipokuwa tumesimama sisi. Simba na Wydad wakapangiwa mechi moja Cairo, Mei 2011, kugombea nafasi iliyoachwa wazi, na Wydad wakashinda 3-0.

Nimeruka mbele. Nirudi nyuma, kwa sababu deni la sarafu lililipwa, tena mapema, na aliyelilipa ni Lubumbashi.

Englebert walikuwa na mioyo migumu. Walilitetea kombe la 1968 kwa kuifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0 Kinshasa, wakaenda kwao wakafungwa 4-1 na bado wakatawazwa. Hilo lilichezwa lote uwanjani, na kwangu ndilo kombe lao la kweli la kwanza. Fainali iliyofuata waliipoteza kwa Ismaily wa Misri. Ya nne mfululizo ikaja Januari 1971, na mpinzani aliyetokea alikuwa Asante Kotoko.

Mechi ya kwanza, Kumasi: 1-1. Sawasawa na 1967. Mtu aliyekuwa na kumbukumbu alijua kinachoweza kufuata. Tarehe 24 Januari wakarudiana Kinshasa.

Golini mwa Kotoko alisimama Robert Mensah, kipa aliyekuwa na mazoea ya kucheza na kofia kichwani. Ndiyo kofia iliyokuwa mpira uliokwaruzwa wa siku ile. Uvumi ulishafika kabla yake: kofia ile si kofia tu, ina kitu ndani. Wachekaji wa leo wasicheke haraka. Katika mpira wetu, kutoka Kumasi hadi Lubumbashi hadi Dar es Salaam, imani kwamba mechi hufungwa kabla ya kuchezwa ni ya zamani kama mpira wenyewe, na timu zimewahi kuruka ukuta ili zisipite mlangoni. Aliyeamini kofia ina dawa alikuwa anafanya kile anachofanya shabiki wa kriketi anayekodolea macho vidole vya mrushaji: anatafuta sababu kwa nini mpira hauingii.

Kotoko walikuwa mbele 2-1. Waghana husimulia kwamba dakika zikiwa zimebaki chache Englebert walipata penalti. Bao hilo lingesawazisha, na nyuma ya sare hiyo kulikuwa na kivuli cha 1967. Wachezaji wa Englebert, wasema wasimulizi, wakagoma kupiga hadi kipa aivue kofia. Mensah hakugombana. Hakuondoka uwanjani, hakuwaita viongozi wake, hakuuliza ni sheria ipi inayokataza kofia, maana hakuna. Aliivua. Akasimama kwenye mstari kichwa wazi.

Penalti ikapotea. Haikuhitaji hata mikono yake. Mpira haukulenga goli.

Nimejiuliza mpigaji alifikiri nini katika zile hatua chache za kukimbilia mpira. Alikuwa amepata alichotaka. Kofia ilikuwa chini, dawa kama ilikuwapo ilikuwa imeondolewa, na sasa hapakuwa na kitu kati yake na kombe isipokuwa mguu wake mwenyewe. Huenda hilo ndilo lililomlemea. Mwenye kisingizio hupiga mpira kwa wepesi.

Kotoko wakatwaa ubingwa wa Afrika Kinshasa, katika mji ule ule walikoikataa sarafu miaka mitatu kabla. Nahodha wao Ibrahim Sunday alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1971. Mensah hakuufikia mwisho wa mwaka huo. Alichomwa kwa chupa iliyovunjika katika ugomvi baani, Tema, akafa Novemba 1971, na Ghana nzima ikamlilia.

Kazadi aliendelea. Mwaka 1974 alikuwa golini mwa Zaire kwenye Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Timu ikabadili jina na kuwa Mazembe, na mwaka 2011 ikahamia kwenye uwanja wake mpya, Kamalondo. Huko nje ya geti, kabla ya mechi, ukitaka kuanzisha ubishi kuhusu 1967 utapata watu, na kila mmoja atakuwa na sarafu yake. Kuhusu 1971 nimejaribu mara nyingi. Hakuna anayesema Kotoko walipewa. Wanachobishania ni kofia: wengine wanasema walikosea kuomba ivuliwe, kwamba kichwa kile wangekiacha kama walivyokikuta.